Mtoto Wetu Katika Nyumba ya Kijapani: Adabu Isiwe Sababu ya Kunyamaza

Na Mwandishi Wetu

Maandishi ya Kijapani ni jambo la kila siku kwetu sisi wakazi wa Mnazi Mmoja na Kariakoo. Yamo ubavuni mwa basi dogo lililowahi kubeba watoto wa chekechea huko Japani kabla ya kuletwa Dar es Salaam kwa meli na kugeuzwa daladala. Yamo mlangoni mwa lori linaloshusha mizigo Kariakoo, likiwa bado na jina la kampuni ya huko lililoandikwa kwa rangi. Tunayapanda, tunayashuka, wala hakuna anayeyasoma.

Lakini wapo vijana wetu wanaotaka kuyasoma. Wapo wanaotamani kwenda Japani wakiwa bado wa umri wa sekondari, wakae mwaka mzima katika nyumba ya watu wanaozungumza Kijapani tangu alfajiri hadi usiku, wavae sare za shule ya huko na kurudi wakiwa na lugha mpya kinywani. Kijana akilileta jambo hili nyumbani, maswali ya mama na baba huwa yale yale: Atakula nini? Ataswali wapi? Atalala katika nyumba ya nani? Na akirudi, atakuwa yule yule tuliyemlea?

Haya ni maswali ya haki, na mzazi asiyeyauliza ndiye wa kushangaza. Makala haya yanaeleza maisha ya mwanafunzi katika nyumba ya Kijapani yalivyo, jambo kwa jambo, ili familia inayofikiria safari hiyo iamue kwa kujua. Na tunaanza kwa kusema wazi rai yetu: hatari iliyo kubwa zaidi katika nyumba hiyo si ugeni wa mila zake. Hatari ni ukimya wa mtoto mwenye adabu.

Milango inayofunguka

Familia nyingi za pwani zinaifahamu programu ya YES ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mwanafunzi hukaa mwaka mmoja wa masomo katika nyumba ya familia mwenyeji na kusoma shule ya mtaani kwao.

Kwa upande wa Japani, njia za aina hiyo ni chache zaidi, nazo humtaka mzazi afuatilie mwenyewe. Vilabu vya Rotary vina mpango wa kubadilishana vijana wa miaka 15 hadi 19, ambao kwa mwaka mmoja huishi kwa zamu katika familia zaidi ya moja. Shirika la AFS, lililotokana na madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa katika vita vikuu, limekuwa likipeleka wanafunzi wa sekondari kuishi na familia za ugenini tangu mwaka 1947, na Japani ni miongoni mwa nchi zinazopokea. Nafasi hubadilika mwaka hadi mwaka na nchi hadi nchi, hivyo ni wajibu wa mzazi kuuliza katika ofisi zenyewe, si kwa mtu aliyekutana naye njiani akiwa na fomu mkononi na bei mdomoni.

Kwa aliyemaliza kidato cha sita, serikali ya Japani hutoa ufadhili wa masomo ya juu kupitia Wizara yake ya Elimu, na matangazo yake hutolewa na ubalozi wa Japani hapa Dar es Salaam. Anayechaguliwa kwa shahada ya kwanza hutumia mwaka wa kwanza kujifunza lugha kabla ya kuingia chuoni. Huyo huishi bwenini au katika chumba cha kupanga, lakini mengi ya makala haya yatamfaa pia.

Tusidhani kuwa safari hii ni ya upande mmoja. Tangu mwaka 1967 vijana wa kujitolea kutoka Japani wamekuwa wakija Tanzania kufanya kazi katika shule, hospitali na mashamba yetu, chini ya mpango unaosimamiwa leo na shirika la JICA. Wamejifunza Kiswahili, wakala ugali kwa mkono, wakaamkia wazee kwa shikamoo. Wazazi wao nao walikaa huko kwao wakijiuliza mtoto atakula nini.

Waliotutangulia

Katika Afrika Mashariki, wanafunzi wa sekondari wanaojulikana zaidi nchini Japani ni wakimbiaji kutoka Kenya. Shule za huko zinathamini sana mbio za kupokezana za masafa marefu ziitwazo ekiden, na kwa miaka mingi baadhi ya shule zimekuwa zikiwachukua vijana wa Kenya, zikiwapa masomo na mahali pa kuishi.

Aliyepata umaarufu zaidi ni Samuel Wanjiru wa Nyahururu. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda katika mji wa Sendai, kaskazini mwa Tokyo, kusoma katika shule ya Sendai Ikuei. Alifika katika baridi asiyoijua na lugha asiyoijua. Alimaliza shule mwaka 2005, akajiunga na timu ya kampuni moja nchini humo, na mwaka 2008 akashinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki. Alifariki mwaka 2011, akiwa bado kijana wa miaka 24.

Wanjiru hakuwa Muislamu, na sisi hatumtaji kwa sababu ya medali. Tunamtaja kwa sababu ya neno moja alilosema kuwa amejifunza Japani, nalo ni gaman. Maana yake ni kustahimili bila kulalamika, kumeza uchungu na kuendelea. Sisi tuna neno subira, na ndugu hawa wawili wanafanana sana. Lakini tutaona kwamba katika nyumba ya wageni subira ina mahali pake, na ina mahali ambapo si pake.

Hodi kwa Kijapani

Tuanze mlangoni. Nyumba ya Kijapani ina sehemu ndogo ndani ya mlango, iliyo chini kidogo kuliko sakafu ya nyumba. Hapo viatu huvuliwa na kugeuzwa vielekee mlangoni, kisha mtu hupanda juu na kuvaa ndala za ndani. Akiingia chooni hubadilisha tena, kwa kuwa choo kina ndala zake ambazo hazitoki humo. Akiingia chumba kilichotandikwa mikeka minene iitwayo tatami, ndala zote hubaki nje na miguu hukanyaga mkeka mitupu au kwa soksi.

Mtoto aliyelelewa katika nyumba zetu, ambako viatu hubaki barazani na mkeka wa kuswalia haukanyagwi ovyo, hatahitaji kufundishwa sababu. Atagundua kuwa usafi wa sakafu, ambao kwa rafiki zake kutoka nchi nyingine ni adha, kwake ni desturi ya nyumbani. Na atakapotafuta mahali safi pa kuswalia, chumba cha mikeka kitamrahisishia.

Maneno nayo yana mpangilio tunaoufahamu. Anayerudi nyumbani husema tadaima, yaani nimerudi, na waliomo humjibu okaeri, karibu nyumbani. Anayeingia nyumba ya mtu husema ojama shimasu, ambayo kwa maana yake ni kuomba radhi kwa kuwasumbua wenyeji. Hiyo ndiyo hodi yao. Kabla ya kula husema itadakimasu, ninapokea kwa unyenyekevu, na baada ya kula gochisosama, shukrani kwa karamu. Mtoto wetu ataanza kwa Bismillahi kisha aseme neno lao, na atamaliza kwa Alhamdulillahi kisha ashukuru kwa lugha yao. Hakuna kinachopungua.

Baba na mama mwenyeji kwa kawaida huitwa otosan na okasan, baba na mama. Kwa Mzungu jambo hili huwa gumu kidogo, kwa kuwa kwao mama ni mmoja. Kwetu sisi, tunaomwita mama kila mwanamke wa rika la mama zetu, si jambo la kufikiria mara mbili.

Lugha yenyewe ina mlango uliofunguka kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Irabu zake ni tano kama zetu, a, e, i, o, u, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Ndiyo maana majina kama Yamaha na Suzuki tunayatamka bila shida, na Mjapani hapati taabu na Kariakoo. Ugumu uko kwingine. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Viwango vya heshima hubadilika kulingana na anayeambiwa. Na kuna mifumo mitatu ya maandishi, miwili ikiwa na herufi 46 za msingi kila mmoja, na wa tatu ukiwa na alama za asili ya Kichina, ambazo 2,136 kati yake zimeorodheshwa na serikali kuwa za matumizi ya kawaida. Miezi mitatu ya kwanza mtoto atakuwa kama bubu. Mzazi alijue hilo asije akashtuka anaposikia kilio kwenye simu.

Sahani mezani

Hapa ndipo wazazi wengi husita, na kwa haki. Habari njema ni kwamba mtoto wa pwani ana bahati. Wali ndio chakula kikuu, na samaki yupo kila mahali. Kiamsha kinywa cha kijadi ni wali, samaki wa kuchoma, yai na supu ya miso, inayotokana na soya iliyochachushwa. Tofu, mboga, mwani na tambi huujaza mlo. Mtoto aliyezoea samaki wa Feri hatalala njaa.

Habari ya pili inahitaji makini. Nguruwe katika mapishi ya Kijapani hajifichi tu katika kipande cha nyama. Yumo katika mchuzi wa tambi za rameni unaochemshwa kwa mifupa, katika nyama ya kusaga iliyochanganywa na ng'ombe, katika mafuta ya kukaangia, katika jelatini ya peremende, katika kipande chembamba ndani ya mkate wa shuleni. Pombe nayo haimo glasini pekee. Mirin, aina ya pombe tamu ya mchele, na sake yenyewe hutiwa katika samaki na mboga za kuchemsha ili kulainisha ladha. Mama mwenyeji anaweza kuepuka nguruwe kwa moyo mweupe kabisa, kisha akamtilia mgeni wake sake katika samaki bila kujua kuwa amekosea, kwa kuwa kwake hicho ni kiungo kama ndimu ilivyo kwetu.

Kwa hiyo mtoto ajifunze, kabla ya kupanda ndege, kuzitambua kwa macho alama ya maandishi inayosimamia nguruwe na ile inayosimamia pombe, ili aweze kusoma karatasi ya nyuma ya pakiti dukani. Ajifunze na sentensi tatu hadi azitamke usingizini: butaniku wa taberaremasen, siwezi kula nyama ya nguruwe, osake wa haitte imasu ka, je, kuna pombe ndani yake, na oinori no jikan desu, ni wakati wa swala. Nyama iliyochinjwa kwa sheria hupatikana katika miji mikubwa, hasa katika maduka yaliyo karibu na misikiti na katika mtaa wa Shin-Okubo mjini Tokyo. Vijijini aandae moyo kwa mwaka wa samaki na mayai. Si mwaka mbaya.

Mwanafunzi wa sekondari ya juu hubeba chakula cha mchana katika kisanduku kiitwacho bento, ambacho mara nyingi mama wa nyumba hukipanga kwa uangalifu mkubwa tangu alfajiri. Kurudisha kisanduku hicho na chakula ndani ni jambo linaloumiza. Ndiyo maana yanayopaswa kusemwa kuhusu chakula yasemwe kabla ya bento ya kwanza kufungwa.

Bafu na sitara

Wajapani hupenda kuoga usiku, na namna yao inahitaji maelezo. Mtu hukaa kwanza nje ya beseni, hujisugua na kujisuuza hadi awe safi kabisa, ndipo huingia katika maji ya moto kujipumzisha. Maji hayo hayamwagwi. Watu wote wa nyumba huyatumia kwa zamu, na mara nyingi mgeni hupewa heshima ya kuwa wa kwanza. Anayeingia na sabuni mwilini ameharibu maji ya nyumba nzima. Mtoto anayejua kuwa usafi huanza kabla ya kugusa maji ya wengine atalielewa hili haraka.

Vyoo vitamfurahisha mzazi. Nyumba nyingi zina choo chenye bomba dogo linalotoa maji ya kujisafishia, jambo ambalo Mwislamu aliyewahi kuishi Ulaya kwa karatasi tupu atalishukuru.

Lakini kuna mabafu ya pamoja, ya mtaani na ya chemchemi za maji moto, ambamo watu wa jinsia moja huoga bila nguo. Safari za shule za kulala nje hupitia humo pia. Kijana wetu, wa kiume au wa kike, ana aurati ya kuhifadhi hata mbele ya wa jinsia yake. Hili halina budi kusemwa mapema kwa familia na kwa mwalimu, ili apewe nafasi ya kuoga peke yake. Likisemwa mlangoni mwa bafu, wenzake wakiwa wameshavua nguo, litakuwa fedheha. Likisemwa mwezi mmoja kabla, ni suala la mwalimu kupanga ratiba.

Kwa msichana kuna mambo ya ziada: hijabu juu ya sare, mavazi ya somo la kuogelea, na wanaume waliomo ndani ya nyumba atakayoishi. Mzazi ana haki ya kuomba nyumba yenye binti wa rika lake, chumba chenye mlango unaofungwa, na kujua nani hubaki nyumbani na saa ngapi. Waandaaji makini huyauliza maswali haya wenyewe. Wasiouliza waulizwe, na wasiojibu waachwe.

Siku ya shule na saa za swala

Mwaka wa shule huanza Aprili na kumalizika Machi. Masomo huanza karibu na saa mbili na nusu asubuhi. Mlangoni mwa shule wanafunzi hubadilisha viatu kama nyumbani, na jioni hushika ufagio na tambara wenyewe kusafisha madarasa, ngazi na mara nyingine hata vyoo. Baada ya masomo, karibu na saa tisa na nusu alasiri, huanza vilabu vya michezo, muziki au sanaa, ambavyo huendelea hadi magharibi. Humo mdogo humheshimu mkubwa wake wa darasa kwa utii wa kweli.

Sasa tuangalie swala. Hapa Dar es Salaam jua ni rafiki mwaminifu, na tofauti ya machweo kati ya miezi haifiki saa moja mwaka mzima. Tokyo sivyo. Mwezi Juni alfajiri huingia hata kabla ya saa tisa usiku, na isha hufika karibu saa tatu usiku. Mwezi Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, wakati mtoto yuko kwenye klabu. Adhuhuri itaangukia mapumziko ya chakula. Alasiri ataiwahi kati ya masomo na klabu. Magharibi ya kipupwe itamlazimu aombe ruhusa ya dakika chache kwa kiongozi wa klabu, kila siku, kwa miezi kadhaa. Ombi dogo, lakini lazima liombwe.

Kibla nacho kinageuka. Sisi wa Dar es Salaam huelekea kaskazini. Aliye Tokyo huelekea magharibi, akiinamia kidogo kaskazini. Na jambo ambalo mtoto wa Kariakoo atalihisi kuliko yote ni kutosikia adhana. Amekua kati ya Msikiti wa Mtoro, Manyema na Idrisa, ambapo alfajiri humfikia kitandani bila kuitafuta. Huko atalazimika kuitafuta mwenyewe kwa saa ya simu.

Si kwamba Uislamu haupo. Msikiti wa Kobe ulijengwa mwaka 1935, ukasalimika na mabomu ya mwaka 1945 na tetemeko kubwa la mwaka 1995. Msikiti wa Tokyo ulifunguliwa mwaka 1938 na kujengwa upya mwaka 2000. Mjapani Muislamu, Umar Ryoichi Mita, alikamilisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kijapani iliyochapishwa mwaka 1972, na leo misikiti nchini humo inazidi mia moja. Hata hivyo, familia nyingi ambazo mtoto ataishi nazo hazijawahi kukaa meza moja na Muislamu. Watakachokijua kuhusu dini hii kwa miaka mingi ijayo kitakuwa kile walichokiona kwake.

Katika nyumba anaweza kukuta kabati dogo la ibada lenye picha za wazee waliofariki, na mwaka mpya familia itakwenda hekaluni. Mtoto aheshimu bila kushiriki: asimame pembeni kwa utulivu na aeleze kwa upole kuwa dini yake haimruhusu. Kuhusu kuinama kwa salamu, ambako kwao ni kama shikamoo yetu, mzazi akae na sheikh wa msikiti wake pamoja na kijana mwenyewe kabla ya safari, ili aende na jibu moyoni.

Watu wawili wenye adabu

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Wajapani wana neno enryo. Ni kule kujizuia kusema unachotaka ili usimtaabishe mwenzako. Mgeni akiulizwa kama ana njaa, hukataa kwanza. Mwenyeji asipopenda jambo, hasemi hapana. Husema chotto, yaani kidogo, kisha huiacha sentensi ikining'inia. Mwenye kuelewa ameshaelewa.

Je, sisi tu tofauti? Mtoto wetu naye amefundishwa haya na staha. Amefundishwa kutotaja kasoro ya chakula cha watu, kutomkatalia mkubwa usoni, kusema nimeshiba hata tumbo likiwa tupu. Nasi wakubwa, Allah atusamehe, wakati mwingine hulitumia neno tukufu Inshallah pale ambapo moyoni tumeshakusudia kutofanya.

Wakutanishe sasa watu hawa wawili. Mama wa Kijapani hamuulizi mgeni wake, kwa kuogopa kumuaibisha. Mtoto hamwambii mwenyeji wake, kwa kuogopa kumvunjia heshima. Katikati yao kuna sahani, na ndani ya sahani kuna kisichomfaa. Mmoja ananyamaza kwa adabu, mwingine ananyamaza kwa adabu, na mwenye kuumia ni mtoto: ama anakula asichotaka kula, ama anasukuma chakula pembeni siku baada ya siku hadi mama wa nyumba anaamini kuwa anadharauliwa. Hakuna mbaya hapo. Kuna wema wawili waliokosa maneno.

Hapa ndipo tuliposema kuwa subira ina mahali ambapo si pake. Baridi istahimiliwe. Lugha istahimiliwe, na upweke, na kufagia ngazi za shule. Tena wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asisubiri kuombwa kuosha vyombo. Lakini haramu haistahimiliwi kwa kunyamaza, na wala mkono wa mtu asiyefaa, popote ulipo, haustahimiliwi kwa kunyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mtoto ajue kutofautisha shida ya kumezwa na shida ya kusemwa, na tofauti hiyo hafundishwi na ubalozi wala shirika. Anafundishwa na mzazi wake.

Kabla ya kusaini

Tunapendekeza barua. Iandikwe na familia, ukurasa mmoja, itafsiriwe kwa Kijapani kwa msaada wa waandaaji, na iwafikie wenyeji wiki kadhaa kabla ya mtoto. Ianze kwa shukrani, kwa kuwa watu hao wanafungua nyumba yao, na mara nyingi bila malipo. Kisha itaje mambo matano kwa maneno mepesi: hali nguruwe wala kitokanacho naye, hanywi pombe, hata ya kupikia, huswali mara tano kwa siku, dakika chache kila mara, mahali popote safi, huoga peke yake, na hufunga mwezi wa Ramadhani. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, ambapo mchana wa Japani hauzidi wa kwetu, hivyo wenyeji wahakikishiwe kuwa mtoto hatadhurika.

Barua imalizie kwa yale anayoyaweza, kwa sababu orodha ya makatazo pekee humkatisha mwenyeji tamaa. Anapenda samaki. Anajua kupika pilau na angependa kuwapikia. Amezoea kuwatunza wadogo zake. Mama wa Kijapani akisoma hayo atapata pa kuanzia.

Kisha mazoezi yafanyike nyumbani. Shangazi aandae sahani, aisogeze mbele ya kijana na kumsihi kwa maneno matamu, naye akatae kwa tabasamu, kwa sababu iliyo wazi, na kwa shukrani. Itachekesha mara ya kwanza. Mara ya tano itakuwa silaha. Na wakubaliane kuhusu simu: Japani iko mbele yetu kwa saa sita, hivyo saa sita mchana Mnazi Mmoja ni saa kumi na mbili jioni kwao. Asipige kila siku, kwa maana lugha haitamwingia. Lakini pawe na neno moja ambalo akilitaja, mzazi ajue kuwa jambo hili si la kusubiri.

Akirudi

Mwaka utapita. Atarudi akigeuza viatu mlangoni na kufika kila mahali dakika kumi kabla ya wakati. Atashangaa kwa nini darasa halifagiliwi na walioliketia. Tusimcheke, wala tusimwambie amekuwa Mjapani. Yaliyo mema aliyoyakuta huko, mengi tulishaamrishwa sisi: usafi, kuchunga wakati, kumstahi mkubwa na kutoacha taka nyuma yako.

Lakini atarudi pia na kitu ambacho pengine hatukumpa vya kutosha: uwezo wa kusema hapana kwa upole na bado akapendwa. Familia iliyomzoeza hilo kabla hajaondoka itakuwa imempa ulinzi utakaomfaa Tokyo, na utakaomfaa zaidi hapa hapa Kariakoo, siku atakapowekewa mbele yake sahani nyingine na watu anaowaheshimu.

Basi mzazi mwenye kijana anayeota safari hiyo asianze kwa pasipoti. Aanze kwa kumsikiliza anavyokataa. Na Allah ndiye Mwenye kutuhifadhia watoto wetu, walio karibu na walio mbali.